Siku Arobaini Ndani ya Formalini

Kosa langu la kwanza maabara lilikuwa kosa la unadhifu. Niliandika daftari kabla ya kufanya kazi.

Naomba nieleze vizuri, kwa sababu watu nikiwasimulia hudhani nilikuwa mvivu. Sikuwa mvivu. Nina ugonjwa mwingine: siwezi kuvumilia kuona neno limekatwa. Mwandiko wangu ni mzuri asubuhi tu, mkono ukiwa bado mpya, na ukurasa uliofutwafutwa hunikera siku nzima kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Kwa hiyo siku ya tatu ya utafiti niliowekwa kusaidia nilichukua daftari la jalada gumu, nikachora safu kwa rula, nikajaza kurasa za mbuzi arobaini, ambao wengi wao saa hiyo walikuwa bado wanatafuna majani vijijini bila habari. Namba ya mbuzi. Mgonjwa au mzima. Hata tarehe nilijaza: wawili kila Jumatatu, wawili kila Alhamisi, kama tulivyopanga. Na safu ya mwisho, kwa wino wa bluu, mara arobaini, bila doa hata moja: "Imetolewa kwenye formalini baada ya saa 24."

Kwamba mbuzi hawasomi ratiba, sikulifikiria.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa ya biashara, maduka ya mjini Singida yalipojaa ghafla vitu ambavyo watu walivinunua kwanza na kuuliza matumizi yake baadaye. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama zisizompeleka mtu popote, nikatoka kwetu Kinampanda nikapata kibarua cha kuosha vyombo katika maabara moja ndogo ya mifugo. Palikuwa na kitabu cha mbinu za maabara kilichoanzia ukurasa wa kumi na saba. Nilikisoma mara nne. Mpaka leo sijui kurasa kumi na sita za kwanza zilisema nini, na hofu kwamba jambo muhimu kuliko yote lilikuwa humo haijaniacha.

Kisha akaja Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anatafuta shahada yake ya juu, na utafiti wake ulihusu mbuzi wa upande wa Iguguno. Huko kila kiangazi, majani mazuri yakiisha, mbuzi hula kichaka fulani, na baada ya wiki kadhaa baadhi yao huanza kuzunguka. Nimewaona. Mbuzi anazunguka kulia mpaka anaanguka, anakaa kidogo, anainuka na kuendelea pale alipoachia, kama mtu aliyekatizwa hadithi.

"Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa glutameti," Daktari alinieleza. "Inapeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine. Sasa habari lazima ipokelewe. Kuna protini zimekaa kwenye ukuta wa seli, kazi yake hiyo. Tunaziita vipokezi. Nataka kujua kama kwa hawa wanaozunguka vipokezi vimepungua."

"Vinaonekana kwa darubini?"

"Havionekani. Ndiyo maana tunavitafuta kwa ujanja."

Ujanja wenyewe nilipouelewa nilifurahi kama mtu aliyeoneshwa siri ya ukoo. Unakata kipande cha ubongo chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unakibandika kwenye kioo. Unakidondoshea kingamwili, maji fulani yaliyotengenezwa yashike kipokezi hicho tu na si kitu kingine. Daktari aliiita mshenga: inakwenda kwenye nyumba moja inayoijua, inakaa mlangoni. Kesho yake unaleta kingamwili ya pili, ambayo haijui nyumba ila inamjua mshenga, nayo imebeba kitu kinachotoa rangi ya kahawia. Mwisho, popote penye kahawia, pana kipokezi. Na kila mara unaacha kioo kimoja bila mshenga. Hicho lazima kibaki cheupe. Nilikiita shahidi. Kikipata rangi, basi rangi yote ya vioo vingine ni uongo.

Kingamwili hiyo ilikuja kutoka ng'ambo ndani ya chupa ndogo kama kidole cha mtoto, imelazwa kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Ilikuwa moja tu. Haikuwa na mwenzake nchini, kwa kadiri tulivyojua.

Bongo tulizipata machinjioni, na hapo palikuwa na utaratibu wake wa zamani kuliko sisi. Kichwa cha mbuzi kinakwenda kwa mama wa supu. Alikuwa mwanamke wa familia ya wafanyabiashara wa mjini, babu zake walitoka pwani na misafara wakaoa huku, na banda lake la supu ya kichwa lilikuwa hatua chache kutoka machinjioni. Daktari alikwenda kumwona kwa heshima zote, shikamoo na habari za wajukuu, wakakubaliana: mbuzi wagonjwa, ubongo mzima ni wetu. Mbuzi wazima, nusu ya kushoto ya ubongo ni ya sayansi, nusu ya kulia inarudi kwenye supu.

Wateja wake hawakuchukua muda kugundua.

"Mama, huyu mbuzi ana akili nusu," alisema dereva mmoja wa lori akigeuza kijiko chake.

"Nusu nyingine iko maabara inasomeshwa. Kula."

"Mimi wiki nzima nakula upande wa kulia tu. Nitaanza kuegemea."

"Wewe uliegemea zamani, baba. Usiwasingizie mbuzi."

Nikipita na ndoo yangu asubuhi walinipokea kwa shangwe: "Bwana Nusu huyo! Leo umetuachia?" Nilikuwa natembea kando ya ukuta kwa aibu, nimeshika msumeno wa chuma niliotumia kupasulia mafuvu, ambao haukusaidia sura yangu.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, maana daftari peke yake halikudhuru mtu.

Daktari aliniachia funguo akarudi chuoni kwa miezi miwili na nusu. Maelekezo yalikuwa mafupi: ubongo ukae kwenye formalini, dawa ya kuzuia kuoza, siku moja, siku mbili ikizidi sana, kisha uhamie kwenye spiriti. Nikatia ubongo wa mbuzi wa kwanza. Kesho yake nikafungua chupa, nikagusa ubongo kwa kidole chenye glovu. Ulikuwa laini kama uji uliopoa. Nikaogopa. Nikajiuliza: huu utakatwaje wembamba wa ngozi ya kitunguu? Utasambaratika, na nitakuwa mimi niliyesambaratisha. Nikauacha siku nyingine. Wiki ilipopita ukawa mgumu kidogo, kama kiazi kilichoiva. Wiki tatu, ukawa kama muhogo uliochemshwa, unaweza kuukata pembe nne ukasimama. Nilipendezwa. Nikaamua kwamba Daktari kwa uungwana wake alikuwa amenipunguzia kazi, na kwamba ikiwa siku moja inahifadhi, siku arobaini zitahifadhi mara arobaini. Kila Ijumaa nilibadilisha formalini kwa mpya. Nilizipanga chupa kwa urefu. Nilizifuta vumbi.

Na daftari, likiwa limelala juu ya meza, liliendelea kusema saa 24.

Ningeweza kulisahihisha. Lakini kusahihisha ni kukata, na kukata mara moja ni kukata mara arobaini, na nilipoziona kurasa hizo zenye makovu akilini mwangu mkono ulikufa ganzi. Nikajiambia nitanunua daftari jipya. Halafu nikajiambia hakuna haja. Siku niliposikia Daktari yuko njiani, nilizihamishia zote kwenye spiriti asubuhi moja, jasho linanitoka, nikafungua madirisha harufu itoke.

Alipofika alifungua daftari akaketi.

"Hili umeandika wewe?"

"Ndiyo, Daktari. Samahani."

"Samahani ya nini? Chuoni kuna watu wana shahada mbili hawajui kuandika hivi." Akamwonesha afisa mifugo. Akamwonesha mgeni wa mgeni wa afisa mifugo. Akatoa nakala akaituma kwa profesa wake ajionee. Ningemwomba aache, lakini ningempa sababu gani?

Tukaanza kazi. Tulikata vipande, vikakatika vizuri ajabu, wala sikuweza kujizuia kujisifu moyoni. Tukavidondoshea kingamwili. Tukavilaza kwenye bati la biskuti lenye kitambaa kibichi ili visikauke. Kesho yake tukaweka ya pili, kisha rangi, tukasubiri kahawia.

Haikuja. Vioo vilikuwa vyeupe kama vilivyotoka dukani. Tulikuwa na mashahidi watupu, bila mshitakiwa hata mmoja.

"Maji," alisema Daktari.

Maji ya Singida yana chumvi, kila mtu anajua. Tukachemsha, tukakusanya mvuke kwa mrija, tone kwa tone, siku mbili. Vioo vikabaki vyeupe. Daktari akasema huenda ni baridi ya asubuhi, tukalifunga bati la biskuti kwa blanketi langu. Vyeupe. Akasema huenda ni joto la mchana, tukaliweka juu ya mtungi. Vyeupe. Akasema huenda tunatikisa mno, basi likaletwa godoro, na kwa muda wa siku tatu maabara ya mifugo ilikuwa na bati la biskuti limelala kwenye godoro huku sisi tukitembea kwa ncha za vidole. Mwenye ofisi ya jirani aliuliza nani anaumwa.

Kila jaribio nililifanya kwa uangalifu wa hali ya juu. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko mengine. Nilipima mvuke, nilikunja blanketi kwa pembe sawasawa, nilihesabu matone. Kiangazi kilikwisha, mvua zikaanza, mbuzi wakapata majani mengine, na mbuzi wa kuzunguka hakuonekana tena. Bongo kumi na mbili za wagonjwa tulizokuwa nazo ndizo pekee mpaka mwaka mwingine. Na kila jaribio lilikula matone ya ile chupa ndogo.

Mpaka hapo, naapa, sikujua kwamba ni mimi. Nilijua nimedanganya, lakini nilidhani uongo wangu ni wa upande mzuri, kama mtu aliyeambiwa afagie mara moja akafagia mara kumi.

Siku moja Daktari alipata bahasha yenye kurasa za nakala kutoka kwa mwenzake. Akanisomea kwa sauti, akitafsiri, mimi nikiwa naosha vioo. Akafika mahali akasoma: kipande kikikaa mno kwenye formalini, formalini hufungamanisha protini kupita kiasi, kipokezi kinafunikwa, na kingamwili haiwezi tena kushika.

"Yaani mshenga anabisha hodi," nikasema polepole, "na mlango umepigwa misumari."

"Umeelewa vizuri kuliko wanafunzi wangu." Akageuza ukurasa. "Hili halituhusu. Daftari letu liko safi."

Kioo kilinivunjikia mkononi. Akanifunga kidole mwenyewe, akaniambia nipumzike, nafanya kazi mno.

Kutoka siku ile nilijua. Nataka hilo lieleweke. Nilijua, na nikaendelea kupima mvuke na kuchuja maji kwa kitambaa cha hariri kwa wiki tatu.

Usiku sikupata usingizi vizuri, mchana sikupata njaa. Jumapili moja nilikwenda nyumbani Kinampanda nikamweleza mama yangu kwamba kuna jambo nimeharibu kazini na mkubwa wangu hajui. Akaniuliza kwa Kinyiramba kama nimeiba. Nikasema hapana. Nimeua? Hapana. Nimempa binti wa mtu mimba? Hapana, mama, niliacha ubongo wa mbuzi kwenye dawa muda mrefu. Akasema nile, na kwamba mjini panawaharibu vijana kwa njia ambazo hata hazitajiki.

Barua ya profesa ndiyo iliyofunga njia. Ilisema kwa adabu kwamba kama hakuna kioo hata kimoja chenye rangi mpaka mwisho wa mwezi, chuo hakiwezi kuendelea kumsubiri. Nafasi yake ya masomo itapewa mtu mwingine. Daktari aliisoma amesimama. Miaka yake minne ilikuwa ndani ya chupa zile. Kwenye chupa ndogo yalibaki matone ya jaribio moja, labda.

"Sitayapoteza," alisema. "Kingamwili imekufa. Iliharibika safarini. Nitamwandikia hivyo, nimwombe waniletee nyingine, akikataa basi nimekwisha." Akaandika rasimu kwa penseli. Utepe wa taipureta ulikuwa umekauka. "Ninakilie kwa mwandiko wako. Nitaipeleka mwenyewe kwenye basi la saa nne. Nakwenda kunywa supu kwanza."

Nikakaa mezani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, saa ambayo mkono wangu ni bora kuliko wakati wowote. Nikaandika salamu. Nikaandika aya ya kwanza. Aya ya pili ilianza hivi: "Vipande vyote vilitolewa kwenye formalini baada ya saa 24, kama inavyothibitishwa na daftari ambalo umeliona." Nilifika kwenye neno "vilitolewa" na kalamu ikatema wino. Doa kubwa kama kunguni. Nikachukua karatasi nyingine. Doa tena, mahali palepale. Karatasi ya tatu sikuigusa.

Nilitoka mbio na barua ya madoa mkononi. Banda la supu lilikuwa limejaa. Daktari alikuwa kwenye benchi la mbele, kijiko mkononi, kati ya dereva wa lori na mzee mmoja mchinjaji.

"Shikamooni," nikasema, kwa sababu hata dunia ikiwaka huwezi kuingia bila kusalimia.

"Marahaba, Bwana Nusu," akaitikia mama wa supu. "Umekuja kurudisha vya watu?"

"Daktari, kingamwili haijafa. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliziacha kwenye formalini. Zote. Daftari niliandika kabla. Kabla ya mbuzi."

Banda zima likageuka kunitazama. Watu walikuwa hawajaelewa, lakini mtu anayekiri walimtambua.

"Siku ngapi?" akauliza Daktari.

"Nyingi zilikaa arobaini. Za mwisho kama kumi na tano."

"Na za kwanza?"

"Sabini."

"Sabini!" mama wa supu akaweka mwiko chini. "Mwanangu, hiyo si kuhifadhi, hiyo ni kuzika. Tena umezidisha, hata arobaini ya marehemu tunasoma dua tunamaliza."

"Nilikuwa nabadilisha formalini kila Ijumaa," nikasema. Sijui kwa nini nilifikiri ingesaidia.

Dereva wa lori alianza kucheka, akaona uso wa Daktari, akaacha.

"Na ile karatasi," Daktari alisema polepole. "Nilikusomea ile karatasi."

"Ndiyo."

"Ukajua."

"Ndiyo. Ulisema haituhusu."

"Ukanilazia bati kwenye godoro."

"Godoro lilikuwa kabla ya karatasi, Daktari. Baada ya karatasi ni mvuke wa mara ya pili na kitambaa cha hariri."

Nilitaka kuwa sahihi. Sasa naona kwamba kuna nyakati usahihi ni matusi. Daktari aliweka kijiko chini taratibu kando ya bakuli, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze nikafikiria yeye badala ya daftari. Alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na kurasa safi.

Supu yake ikaanza kuota utando wa mafuta juu. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Katika zile kurasa kulikuwa na ukurasa wa mwisho."

"Sikuusikia."

"Sikukusomea. Nilidhani ni mzaha. Wanasema kipande kilichokaa mno kwenye formalini unaweza kukichemsha. Kioo na kila kitu. Unakichemsha kwenye maji yenye asidi ya limau, mlango unafunguka." Akanigeukia. "Kama ningejua zilikaa, ningechemsha siku ileile niliposoma. Unanielewa? Ni jambo la dakika ishirini."

Nilielewa. Sijawahi kuelewa kitu kikaniuma hivyo.

"Asidi ya limau ndiyo ndimu ya unga?" akauliza mama wa supu. "Ile ya kutilia sharubati? Iko duka la mkwe wangu, pakiti kwa pakiti, tangu ruksa imeingia hajui amuuzie nani."

"Nahitaji na kostiki soda," alisema Daktari, "kupunguza ukali."

"Muulize huyo hapo nyuma, mkewe anapika sabuni ya mafuta ya alizeti."

"Na sufuria jipya."

"Sufuria nitatoa mimi, ila likishaingia dawa yenu lisirudi kwangu hata kwa kiapo. Na jiko ni hili hapa pembeni. Na mwenye kutazama saa ni mimi." Akaninyoshea mwiko. "Huyu akiachiwa atachemsha siku arobaini."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba basi la saa nne liliondoka bila barua, na vipokezi vya glutameti vya mbuzi wa Iguguno vikapikwa kwenye banda la supu, nje, jiko la mkaa, mbele ya watu waliokataa kwenda kazini. Kazi yangu ilikuwa kupima ukali wa maji: kostiki soda tone moja, karatasi ya kupimia, tone jingine, karatasi. Niliifanya vizuri. Hakuna aliyenisifu na sikutegemea. Tukatumbukiza vioo sita, vitatu vya wagonjwa, viwili vya wazima, na shahidi mmoja. Mama wa supu alivua saa yake ya mkononi akaishika usoni.

"Dakika kumi na tano," nikasema, "labda tuongeze kidogo mwisho ili…"

"Nyamaza."

"Kidogo tu, kwa usalama…"

"Baba, nyamaza, mambo ya kuongeza ndiyo yaliyotuleta hapa." Dakika ya ishirini ilipogonga alishika sufuria kwa kanga akaliepua, nusu dakika kabla sijawa tayari.

Mchinjaji mzee aliuliza kama sasa zinaliwa.

Tukaweka matone ya mwisho kabisa ya chupa ile. Tukavilaza kwenye bati, bila blanketi wala godoro. Kesho yake tukaweka ya pili, kisha rangi. Daktari aliinama kwenye darubini. Akabadilisha kioo. Kisha akaninyanyulia kidole nije nitazame.

Kahawia. Seli zimejichora kando kando kama miti ya mgunga jua likizama nyuma yake, kila moja na matawi yake, na kati yao peupe. Nikaomba nimuone shahidi. Mweupe. Nini kilitofautiana kati ya mbuzi wagonjwa na wazima ni kazi yake yeye kusema, naye ameshasema mahali panapohusika. Mimi niliona rangi tu, nikatoka nje nikatapika karibu na bomba.

Hakunifukuza. Wala hakunisamehe siku ile. Alinirudisha kwenye kuosha vyombo na kuniamuru nilisahihishe daftari lote, kwa wino mwekundu, mstari mmoja juu ya kila uongo ili uongo uendelee kusomeka, na ukweli pembeni. Ukweli wenyewe sikuwa nao, kwa sababu hata tarehe nilizibuni. Ilibidi nikae na mama wa supu asubuhi tano mfululizo, naye akinikumbusha akikwangua mafuvu: "Yule mwenye pembe moja alikuja Jumatano, siku dereva aliponung'unika. Wa doa jeusi, kesho yake. Wiki ya msiba wa jirani hamkuchinja kabisa." Kurasa zilionekana kama mtu aliyechanwa na miiba. Daktari alitoa nakala akaituma kwa profesa, pamoja na picha za vioo na barua iliyosema kwamba kosa lilikuwa la maabara yetu. Aliandika "yetu". Barua hiyo niliinakili mimi. Profesa alimpa muda mpaka mwaka uliofuata, na hiyo ilitosha.

Ni miaka michache sasa. Daktari amepata shahada yake, na mimi nakata vipande na kuvipaka rangi kwa mshahara, ingawa bado nina wasiwasi wa kila kitu. Kilichobadilika ni hiki: nikiharibu kitu asubuhi, namwambia ninayefanya naye kazi kabla ya chai ya saa nne, hata kama bado sijajua nimeharibu kiasi gani.